Koti Lisilokauka: Risala ya Watumiaji wa Kompyuta za Pamoja, Mbale na Jinja, kwa Mkurugenzi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu Bi. Margret Nafuna wa ofisi inayozisimamia mashine hizi, mwenyekiti wa eneo letu, wenzetu mliofika kutoka Jinja, majirani wa jengo hili: amani iwe kwenu nyote.

KARIBU

Sisi, watumiaji sabini na mmoja wa kompyuta za pamoja za Mbale na Jinja, tunakukaribisha katika jengo hili la mtaa wa Industrial Division, Mbale, ambalo majirani bado wanaliita stoo ya pamba. Umetuletea mashine mpya kumi na sita. Tunazishukuru tangu sasa, ili shukrani isije ikapotea katikati ya maneno mengine.

Tulijadiliana sana tukusomee kwa lugha gani. Wa Jinja walitaka Kisoga, wa hapa Kimasaba, na wengine Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya barua zako. Mzee Yekosofati, anayetusomea kipimo cha mvua kule mlimani, alisema Kiswahili yeye alikisikia kwenye kizuizi cha wanajeshi barabarani tu, na maneno aliyoyajua ni "lala chini". Tulicheka. Kisha tukaona kwamba ndiyo lugha ambayo kila mmoja wetu anaweza kuifuata bila mtu wa kumnong'oneza sikioni, na kwamba leo inaweza kutumika kwa maneno mengine.

Mgeni rasmi, mwenzetu mmoja ameketi safu ya mwisho, karibu na mlango. Anaitwa Twaibah. Hadi tarehe tano Juni ndiye aliyekuwa mtunza foleni ya mashine hizi. Sasa amesimamishwa kazi kwa barua ya ofisi yako, na tumeambiwa uamuzi wa mwisho uko mezani kwako. Tunaomba utuvumilie tukueleze kazi yake hatua kwa hatua, kwa sababu habari ya mashine na habari yake hatujaweza kuzitenganisha.

TULIKOTOKA

Tulianza na kompyuta arobaini zilizotupwa na maofisi. Ziliunganishwa kwa nyaya katika chumba cha hapo ndani, zikawa zinafanya kazi kama kompyuta moja kubwa. Baadaye Jinja wakapata ishirini na nne, nazo zikaungwa na za kwetu kwa mtandao. Mtu akiwa na hesabu ambayo kompyuta yake ndogo ingeitafuna kwa mwezi mzima, anaileta hapa, inagawanywa kwa mashine nyingi, inakwisha kwa siku moja. Hesabu hiyo sisi tunaiita kazi. Kazi zikiwa nyingi kuliko mashine, zinapanga foleni.

Twaibah alitoka kwenye meza ya kutengeneza simu, mtaa wa Namakwekwe. Hakuna darasa lililomfundisha mambo ya mashine hizi. Alisoma vitabu vya maelekezo kurasa chache kila siku, akiandika kwenye daftari neno asilolielewa na kulirudia mpaka lieleweke. Hapandishi sauti. Ukimwuliza jambo asilolijua, atakuambia, "Sijui, nipe mpaka kesho," na kesho yake atakuja na jibu.

Wakati huo tulikuwa watu sita, na foleni ilikuwa ya kuwahi. Aliyetangulia alihudumiwa kwanza, awe na kazi ya dakika tano au ya siku tano. Watu sita wanafahamiana na wanaweza kuombana. Tulipofika arobaini, kuombana kukaisha.

KOSA LETU LA JERIKENI

Jambo hili tungeweza kulinyamazia. Tumeamua kulisema wenyewe, kwa sababu yanayofuata hayatafahamika bila hilo.

Anayeishi Namakwekwe anajua maji ya bomba yanavyopangiwa foleni. Mtu haji na kiu yake akasimama. Anaweka jerikeni tupu kwenye mstari, anaenda sokoni, anarudi zamu yake ikifika. Hakuna anayeona ubaya. Sasa, mwenzetu Nangila wa mtaa wa Nkoma anafanya hesabu za mto Nabuyonga. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Mzee Yekosofati na wengine watano walioko mlimani wanampigia simu kumwambia mvua iliyonyesha. Nangila anaingiza namba hizo kwenye mashine kumi na mbili, na baada ya saa tatu anapata ramani inayoonyesha maji yatafika vichochoro gani mchana. Ramani hiyo inapelekwa kwa wenyeviti, inatangazwa kwenye kipaza sauti cha msikiti, na kanisa linapiga kengele. Ikichelewa hadi mchana, ni karatasi tu.

Nangila hakuwa akipata nafasi, kwa kuwa namba zake haziji kabla ya asubuhi, na asubuhi mashine zilikuwa zimekwisha kujaa. Twaibah akamwonea huruma. Akaandika kazi fupi isiyofanya lolote. Inaingia kwenye mashine kumi na mbili na kulala humo mpaka Nangila aje. Akaiweka kwenye foleni jioni, kama mtu anavyoweka jerikeni, na hakuona ubaya.

Waliokuwa wakisoma orodha ya foleni wakaiona na kujifunza. Ndani ya miezi miwili, karibu kila mmoja wetu alikuwa na jerikeni yake.

Aliyeligundua jambo hilo ni mlinzi wetu, Afande Ridwan. Mvua ikinyesha, yeye hutundika koti lake ukutani, nyuma ya mashine, mahali hewa ya moto inapotokea, na kwa saa moja linakuwa limekauka. Siku hiyo alimfuata Twaibah mezani.

"Dada, mashine zako zinaumwa?"

"Zimejaa zote, Afande. Tazama orodha, hakuna hata moja iliyo wazi."

"Orodha mimi sijui kusoma. Lakini koti yangu iko pale tangu asubuhi, na bado inatoa maji."

Twaibah alisimama, akaweka kiganja juu ya mashine ya kwanza. Baridi. Ya pili, baridi. Alizipapasa zote arobaini za hapa, akiandika. Kumi na tisa zilikuwa baridi kama ukuta. Orodha ilisema zimejaa, na zilikuwa zimejaa usingizi.

Aliitisha mkutano. Tulikuja tukiwa tumejiandaa kutajana majina. Kabla yeyote hajafungua mdomo, Twaibah akasema, "Jerikeni ya kwanza niliiweka mimi. Nilitaka kumsaidia mtu mmoja. Nimewafunga wengine wote."

Cliff, Mkenya wetu wa Jinja, akadakia. "Kwa hivyo dada Twaibah ndiye alikuwa mwalimu wetu! Na mimi nilijisifu kwa bibi yangu kwamba nimegundua kitu."

"Wewe uligundua lini?" Nakato, katibu wetu, akamwuliza. "Jina la kazi yako lilikuwa 'lala2'. La Twaibah lilikuwa 'lala'. Hata jina ulinakili."

Siku hiyo Twaibah alitoa ahadi mbele yetu. Alisema hatamsogeza tena mtu kwenye foleni kwa mkono wake, hata kwa huruma. Kama kanuni ni mbaya, tutaibadilisha kwa pamoja.

KANUNI YA FOLENI

Tulichukua wiki tano kuandika kanuni. Iko kwenye karatasi moja mlangoni, na ina mambo matatu.

La kwanza, kila mmoja ana fungu sawa. Mashine inakumbuka nani ametumia kiasi gani siku za karibuni. Aliyetumia zaidi ya fungu lake hasimamishwi, ila anasogea nyuma. Aliyetumia kidogo anasogea mbele. Kama hakuna anayengoja, mtu mmoja anaweza kutumia mashine zote, wala hakuna atakayemnunia.

La pili, kumbukumbu hiyo inafifia. Kila wiki inapungua nusu. Hili Twaibah alilisisitiza kuliko yote. Alisema mtu aliyetumia sana mwezi uliopita asije akawa anaadhibiwa mpaka mwaka uishe.

La tatu, kazi ikishika mashine nusu saa bila kuitumia, inaondolewa na mtunza foleni, ya nani isiwe hoja.

Nangila aliuliza kama mto unaweza kupewa kanuni yake peke yake. Tulijadili, tukaona haina haja. Kazi yake ni ya saa tatu kwa siku, kwa hiyo siku zote yeye ni mtumiaji mdogo, na kanuni yenyewe inamweka mbele kila asubuhi bila mtu kumbeba.

Ikawa hivyo. Watu waliokuwa wakingoja siku tatu wakawa wanangoja siku moja, wengi chini ya hapo, na mashine ni zilezile. Cliff amefundisha kompyuta kusikia Kisoga cha wafugaji wanaopiga simu kuuliza dawa ya ng'ombe. Wenzetu wa Jinja wanasema sasa inakielewa vizuri kuliko yeye. Ramani ya mto ilitoka kabla ya saa tano asubuhi kwa msimu mzima wa mvua. Na koti la Afande Ridwan likawa linakauka.

BARUA YA MACHI

Mwezi wa Machi tulipokea barua yenye muhuri wa ofisi yako. Ilisema kazi za ofisi zitangulie nyingine zote wakati wote, na matumizi yake yasihesabiwe. Hatuna hakika kama ilipita mezani kwako ikiwa na maelezo ya kutosha. Sisi tuliitekeleza siku ileile.

Twaibah ndiye aliyeitekeleza kwa mkono wake. Baadhi yetu tulimwambia ajifanye hajaipata. Akajibu, "Hii ofisi ndiyo inayolipa umeme. Labda wana kazi tusiyoijua. Tungoje tuone."

Tukangoja. Kwa kuwa matumizi ya ofisi hayahesabiwi, haisogei nyuma kamwe. Kufika mwisho wa Aprili, mashine mbili kati ya kila tatu zilikuwa za ofisi. Kanuni yetu ilibaki ikigawanya zilizosalia, maana sote tulidhani barua imeitoa ofisi nje ya kanuni yote.

Tarehe kumi na nne Mei, Mzee Yekosofati alipiga simu akasema kipimo chake kimejaa mpaka kimemwagika. Nangila alipeleka kazi yake saa moja asubuhi. Foleni haikusogea. Afande Ridwan aliingia akiwa ameloa, akatundika koti, na baada ya saa moja akalishika.

"Dada," alisema, "leo tena."

Twaibah alipapasa mashine. Thelathini na moja kati ya arobaini zilikuwa baridi. Mwenye kuzishika ni ofisi, na jina la kazi lilikuwa "nafasi ya maonyesho ya Jumatatu". Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Alipiga simu ofisini. Mpokeaji akamwambia wakubwa wako kikaoni. Akapiga tena baada ya nusu saa, na tena baada ya nusu saa nyingine. Sauti ileile, kikao kilekile. Nangila alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Twaibah, una ufunguo. Bonyeza mara moja tu, unisogeze mbele."

"Niliahidi mbele yenu wote."

"Uliahidi kwa ajili ya watu. Huu ni mto."

Twaibah aliendelea kupiga simu. Saa tisa alasiri Nabuyonga ukapanda. Maji yaliingia vyumba tisa vya kupanga, Namakwekwe. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyepoteza maisha. Mtoto mmoja alitolewa juu ya kabati. Chumba cha saba kati ya hivyo tisa kilikuwa cha Twaibah mwenyewe. Godoro lake tulilianika ukutani hapo nje kwa wiki moja.

Mgeni rasmi, hatuwalaumu vijana wa ofisi yako. Waliogopa kwamba siku ya maonyesho mashine zitakuwa zimeshikwa na watu wengine. Waliweka jerikeni. Tunalijua kosa hilo, maana ni letu, na lilianzia katika jengo hili.

TAREHE MBILI JUNI

Baada ya mafuriko, Twaibah aliichukua barua ya Machi akaisoma mara nne, akiifuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akaja na daftari lake.

"Barua inasema ofisi itangulie," alituambia. "Sawa. Inasema isihesabiwe. Sawa. Nimetafuta mahali iliposema kwamba ikishaingia inaweza kulala. Sijapaona. Kwa hiyo jambo la tatu la kanuni bado linawahusu wote."

Aliiandikia ofisi barua kueleza hivyo. Akaambatanisha kanuni. Nakala tunayo. Jibu halikuja.

Tarehe mbili Juni mvua ilirudi mlimani. Saa mbili asubuhi koti lilikuwa bado linadondosha maji. Twaibah alipapasa mashine, akaandika saa, akangoja nusu saa kamili akitazama saa ya ukutani, akapapasa tena. Zilikuwa baridi bado. Akaondoa kazi za ofisi zilizolala, ishirini na nane. Iliyokuwa ikifanya kazi kweli, moja, hakuigusa.

Tunaomba hili lieleweke: hakumsogeza Nangila. Alitoa jerikeni tupu, foleni ikasogea yenyewe. Wa kwanza kwenye foleni hakuwa Nangila, alikuwa Cliff, aliyekuwa ametumia kidogo kuliko yeye siku hizo, na kazi yake ilitaka mashine zote zilizoachwa wazi. Nangila alimpigia simu Jinja.

"Cliff, uko mbele yangu."

"Naona. Na nimengoja siku nne, unajua?"

"Najua."

"Mvua iko?"

"Kipimo cha mzee kimejaa."

"Basi, ng'ombe wa Busoga watanisamehe. Nimeishusha yangu. Pita, mama."

Kila mmoja anaruhusiwa kuirudisha nyuma kazi yake mwenyewe. Hilo halikuvunja kanuni. Ramani ilitoka saa tano na dakika arobaini. Msikiti ukatangaza, kengele ikapigwa. Maji yalipofika saa tisa, yalikuta vyumba kumi na kimoja vitupu, vitu vimeinuliwa juu ya matofali, watu wako kwa jirani wakinywa chai.

Siku tatu baadaye barua ikaja. Ilisema Twaibah aliingilia kazi za ofisi bila idhini, na kwamba asiingie chumba cha mashine mpaka Mkurugenzi aamue. Alikabidhi ufunguo ndani ya bahasha, akaandika juu yake idadi ya mashine na hali ya kila moja, akarudi kwenye meza ya simu Namakwekwe. Tangu siku hiyo hakuna anayepapasa mashine. Ramani ya mto imechelewa mara sita. Mvua kubwa za mwezi wa Agosti zimebakiza wiki tatu.

MAOMBI

Tunaomba Twaibah arudishiwe ufunguo. Yeye alitusihi tusiweke ombi hili, au tukiliweka liwe la mwisho, baada ya mashine. Tumemkatalia, tumeliweka la kwanza.

Tunaomba ofisi yako ipewe fungu katika foleni, hata likiwa kubwa kuliko la mmoja wetu, ila lihesabiwe na lifuate kanuni iliyo mlangoni. Siku ya maonyesho ikifika, tuambieni mapema. Tutashusha kazi zetu wenyewe, kama Cliff alivyoshusha yake.

La tatu ni gumu kidogo kulisema mbele ya zawadi. Mashine kumi na sita ulizotuletea zina karatasi zilizobandikwa: "Kwa matumizi ya ofisi tu." Tumekaa tukalitafakari, wala hatukupiga kura kwa hasira. Kama zitakaa nje ya foleni, tunaomba utuachie nane tu zitakazoingia kwenye foleni, na nyingine nane uzipeleke zinakohitajika. Nane zinazofanya kazi zitatufaa kuliko kumi na sita zilizolala.

TUNAMALIZIA

Mgeni rasmi, ratiba inasema ukate utepe mara baada ya risala hii. Tunakuomba kabla ya mkasi uingie nasi chumbani kwa dakika tano. Orodha iliyo kwenye kioo asubuhi hii inasema mashine zote arobaini zimejaa, na hatukuigusa kwa ajili ya ugeni wako. Hatutakuomba uisome. Tunakuomba uweke kiganja chako juu ya mashine, moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akifanya Twaibah, halafu uamue utakavyoona.

Afande Ridwan ameliondoa koti lake ukutani ili upate nafasi ya kupita. Amelishika mkononi hapo mlangoni, na bado linadondosha maji.

Mungu akulinde njiani, akujalie afya, na ailinde mito yetu na wanaoishi kando yake.

Ni sisi, Umoja wa Watumiaji wa Kompyuta za Pamoja, Mbale na Jinja. Imesomwa kwa niaba ya wote na Nakato, katibu.